Kuinua kwa Jeki Gari Lililoongezwa Vyuma



Wengi wetu twajua kupanda gari, lakini ni wachache wajuao namna ya kuliinua gari lililopasukiwa na tairi bila kuhatarisha maisha. Huenda mtu akasema, "Mimi si fundi wala dereva, mambo haya yanihusu nini?" Yakuhusu sana. Siku ya kurudi shuleni gari ulilopanda laweza kupasukiwa na tairi njiani, na dereva akaita kijana mmoja mwenye nguvu aje kumsaidia. Siku hiyo ndipo utakapolihitaji somo hili, na hapatakuwa na nafasi ya kwenda kulitafuta kitabuni.

Mimi ni mzaliwa wa Katwe, kule kwenye ziwa la chumvi. Zamani reli ilifika Kasese, mwaka 1956, na watu wakategemea treni. Lakini kwa miaka mingi sasa treni hazifiki tena, na kila kilo ya chumvi hutoka kwetu juu ya magurudumu. Kwa hiyo magari ya kwetu hubebeshwa mizigo mizito, na wenye magari huyapeleka kwa mafundi wa kuchomelea wayaongeze vyuma. Ni juu ya magari ya namna hiyo nataka kusema, kwa sababu kuyainua kwa jeki kuna hatari yake ya pekee.

1. Jambo lililompata kaka yangu

Kaka yangu alikuwa utingo wa pikapu ya chumvi. Siku moja walikuwa wakienda Bwera, ambako wafanya biashara huichukua chumvi na kuivusha mpakani Mpondwe hadi Kongo. Tairi la nyuma likapasuka. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, lakini chini yake lilikuwa limetiwa mabamba mapya ya chuma, yamepakwa rangi nyeusi, yang'aa kama viatu vya askari.

Jeki haikuingia chini ya ekseli, kwa maana tairi lililopasuka lilikuwa limelala na gari limeshuka. Basi kaka akaiweka jeki chini ya bamba jipya, akapiga mpaka gurudumu likanyanyuka, akalitoa. Alipotaka kutia tairi la akiba, aliona halienei. Ninyi mwajua sababu: tairi lenye pumzi ni kubwa kuliko tairi lililolala. Ikabidi apige jeki zaidi. Dereva, mzee wa siku nyingi, akamwambia:

"Kijana, ondoa miguu yako chini ya gari."

"Mzee, chuma hiki kipya chaweza kubeba nyumba."

"Ondoa miguu kwanza, ndipo ukisifu chuma."

Kaka akavuta miguu, huku akicheka. Alipopiga jeki mara ya tatu pakatokea kishindo. Bamba lilibanduka kutoka kwenye chesisi, likaja na maganda ya kutu mazito kama maganda ya mti. Gari likaanguka chini kwa uzito wake wote na mzigo wake, na jeki ikaruka mpaka majanini. Mahali ilipokuwa miguu ya kaka palikuwa pamechimbika shimo. Tangu siku ile hakucheka tena mzee alipomwonya.

Bamba lile halikuvunjika. Lilikuwa zima kabisa. Lililovunjika ni kile kilichokuwa nyuma yake. Hili ndilo fundisho la makala hii: chuma kilichoongezwa hakina nguvu kupita kile kilichoshikana nacho.

2. Kwa nini chuma cha Katwe huoza upesi

Chuma hupata kutu kikikutana na maji pamoja na hewa. Chumvi ikiyeyuka katika maji yale, kutu huja upesi zaidi, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme mdogo ule uletao kutu vizuri kuliko maji matamu.

Jaribuni wenyewe. Chukueni misumari mitatu mipya, muisugue mpaka mafuta yatoke. Mmoja tieni katika gilasi kavu, wa pili katika gilasi yenye maji ya mvua, wa tatu katika gilasi yenye maji ya mvua mliyoyeyushia kijiko cha chumvi. Maji yafike nusu ya msumari tu. Angalieni kila siku kwa juma moja, mkaandike mnayoyaona.

Ziwa la Katwe limo ndani ya shimo la volkano, na halina mto uyatoao maji yake nje. Maji hukauka kwa jua, chumvi hubaki. Watu huchimba vidimbwi kando ya ziwa, wakangoja jua lifanye kazi yake. Chumvi hiyo hupakiwa ingali na unyevu, nayo hudondosha maji yake juu ya chesisi njia nzima. Hata kiwanda kikubwa cha chumvi, ambacho ujenzi wake ulianza katika miaka ya 1970, hakikudumu kazini. Sababu mojawapo mashuhuri ni kwamba mabomba yake yaliliwa na maji yale ya chumvi. Ikiwa mabomba ya kiwanda yaliliwa, je, chesisi ya pikapu itasalimika?

Sasa fikirini bamba lililochomelewa juu ya chesisi. Kati ya vyuma hivi viwili kuna nafasi nyembamba kama karatasi. Maji ya chumvi huingia humo, wala jua na upepo haviwezi kuyakausha. Kutu huanza mahali pasipoonekana. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwa mahali pale, kwa hiyo husukuma bamba litoke nje kidogo kidogo. Kwa kweli kutu nayo ni jeki, ila hufanya kazi usiku na mchana, wala haichoki.

Wazee husema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na bamba jipya ni mlango tu.

3. Aina za magari na aina za vyuma

Kabla ya kuweka jeki yafaa kujua gari lako ni la namna gani. Kuna namna mbili.

Ya kwanza ni magari yenye chesisi, yaani fremu ya chuma iliyo uti wa mgongo wa gari, na mwili wa gari umefungwa juu yake. Hivi ndivyo yalivyo malori na pikapu nyingi. Jeki huwekwa chini ya ekseli, au chini ya chesisi karibu na mahali springi zinaposhikwa, kwa kufuata maagizo ya kitabu cha gari.

Ya pili ni motokaa ndogo nyingi, zile zichukuazo abiria kati ya Kasese na Bwera. Hizi hazina chesisi ya peke yake. Mwili wenyewe ndio fremu. Jeki huwekwa chini ya ukingo ulio chini ya milango, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele, au mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Katika magari mengi mahali hapo pana alama mbili ndogo zilizokatwa katika ukingo. Kati ya alama hizo bati limekunjwa na kutiwa nguvu. Pengine popote ni bati jembamba tu, na jeki italitoboa.

Nazo nyongeza za mafundi ni za namna nyingi: mabamba yaliyochomelewa ubavuni mwa chesisi, vyuma vya kukingama kutoka upande mmoja hadi wa pili, springi za ziada, bamba la kukinga injini lisigongwe na mawe, na pengine chuma kirefu kilichofunika ukingo wa milango. Sisemi kuwa kazi hizi ni mbaya. Fundi mwema hukwangua kutu yote kwanza, hukata pabovu, huchomelea chuma kwenye chuma kizima, hupaka rangi ya kuzuia kutu. Lakini hata kazi njema huleta mambo manne mapya kwa mwenye jeki:

(a) Mahali palipowekwa na watengenezaji kwa ajili ya jeki pengine pamefunikwa, hupaoni tena.

(b) Gari limekuwa zito kuliko lilivyotoka kiwandani, na pengine limeinuka juu. Jeki iliyokuja nalo yaweza kuwa dhaifu au fupi.

(c) Chuma kingine hakikuwekwa kubeba gari. Bamba la kukinga injini hubeba mawe tu. Ukiliinulia gari, litakunjika au nati zake zitang'oka.

(d) Nyuma ya bamba huenda ukapita mpira au bomba la breki, au bomba la petroli. Jeki ikilibana, utabadili tairi vizuri, kisha utashuka mlima bila breki.

Utajuaje basi kama chuma ni kizima? Lala ubavu, gari likiwa bado limesimama juu ya magurudumu yake yote, uangalie. Gonga kwa nyundo ndogo au spana. Chuma kizima hulia kama kengele. Chuma kilichooza hutoa sauti nzito, na maganda hudondoka. Angalia mstari wa kuchomelea: je, umeshikana pande zote, au ni vidoto vidoto tu? Je, bamba limevimba katikati? Uvimbe ni ile jeki ya kutu. Ukiona alama moja ya hizi, usiweke jeki hapo. Nenda kwenye ekseli.

4. Nguvu ya jeki hutoka wapi?

Jeki ya mafuta hutumia mambo mawili tuliyofundishwa darasani. La kwanza ni wenzo. Tuseme mkono wa jeki una urefu wa sentimeta 48, na kutoka kwenye egemeo hadi pistoni ndogo ni sentimeta 4. Ukisukuma kwa nguvu ya kilo 10, pistoni ndogo hupata mara 12, yaani kilo 120.

La pili ni kanuni ya mwanachuoni Mfaransa, Blaise Pascal (1623–1662): msukumo juu ya maji au mafuta yaliyofungiwa huenea sawasawa kila upande. Tuseme pistoni ndogo ina eneo la sentimeta 1 ya mraba, na kubwa sentimeta 10 za mraba. Kila sentimeta ya mraba ya pistoni kubwa hupata kilo 120. Basi pistoni kubwa huinua kilo 1,200, tukiacha hasara ya msuguano. Mtoto wa shule ameinua motokaa!

Lakini hakuna cha bure. Ili gari lipande sentimeta 1, mkono wako lazima usafiri sentimeta 120. Ndiyo maana tunapiga jeki mara nyingi.

Kumbukeni tena kwamba mzigo wote huo umeshikwa na mafuta kidogo na kipete cha mpira kinachozuia mafuta yasitoke. Kipete kikikatika, mafuta hutoka na gari hushuka. Haliombi ruhusa. Kwa hiyo jeki ni chombo cha kuinulia, si chombo cha kushikilia. Anayelala chini ya gari lililoshikwa na jeki tu ameyakabidhi maisha yake kwa kipande cha mpira.

5. Ardhi nayo ni sehemu ya jeki

Udongo wa kwetu una majivu ya volkano, na wakati wa mvua huwa laini. Fanyeni hesabu hii. Kitako cha jeki kina upana wa sentimeta 10 kwa 10, yaani sentimeta 100 za mraba. Kikibeba kilo 1,500, kila sentimeta ya mraba ya udongo hubeba kilo 15. Udongo wenye maji hauwezi. Jeki itazama, tena itazama upande mmoja, ilale na kuteleza.

Sasa weka chini ya jeki ubao mgumu wenye sentimeta 40 kwa 40, yaani sentimeta 1,600 za mraba. Uzito ni ule ule, lakini kila sentimeta ya mraba hubeba pungufu ya kilo 1. Lakini ubao uwe mnene. Ubao mwembamba ukipindika, uzito hurudi katikati, na hesabu yako imeharibika.

Jeki ikiwa fupi, ongeza ubao chini yake, kamwe usiongeze kigogo juu ya kichwa chake. Kigogo kilichosimama juu ya jeki huteleza kama ganda la ndizi.

6. Hatua kwa hatua

Haya ndiyo mambo ya kufanya, kwa taratibu yake.

Kwanza, toa gari barabarani mpaka mahali pa tambarare na pagumu, hata kama tairi litaharibika zaidi. Tairi hununuliwa. Weka alama nyuma na mbele ili madereva wengine waone.

Pili, washushe abiria wote, na mzigo pia kama waweza. Wasimame mbali na barabara, lakini wasitawanyike. Njia zetu hupita katika Mbuga ya Wanyama ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952, na nyati hana habari kwamba wewe wabadili tairi.

Tatu, tia gia, vuta breki ya mkono, kisha weka mawe makubwa au kabari mbele na nyuma ya gurudumu lililo upande wa pili kwa mshazari. Breki ya mkono katika magari mengi hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, nusu ya nguvu yake imekwenda hewani. Usiache kabari.

Nne, legeza nati za gurudumu nusu mzunguko, gari likiwa bado chini. Ukingoja mpaka liinuke, utalitikisa juu ya jeki.

Tano, chagua mahali pa jeki kwa kutumia macho na nyundo, kama tulivyosema. Ekseli ya nyuma ya pikapu ni afadhali kuliko bamba usilolijua. Ikiwa jeki haiingii kwa sababu tairi limelala, panda gurudumu lile juu ya ubao au jiwe bapa kwa kusogeza gari kidogo, kisha tia kabari upya. Kama kaka yangu angalijua hila hii ndogo, nisingalikuwa na hadithi ya kuwasimulia.

Sita, piga jeki mpaka uzito uanze kuja juu yake, halafu simama. Tazama. Je, jeki imesimama wima? Je, bamba limebonyea? Je, wasikia mlio wa chuma kinachochanika? Ukiona shaka yoyote, shusha uanze tena. Kushusha gari kwa kidole kimoja si aibu.

Saba, gari likisha inuka, weka stendi za chuma chini ya ekseli au chesisi nzima. Kama huna stendi, laza tairi la akiba chini ya chesisi, karibu na jeki. Ukitoa gurudumu bovu, laza hilo mahali pa lile la akiba. Hivyo kila wakati kuna kitu chini ya gari, na likianguka litaangukia tairi, si mtu. Usitumie matofali wala mawe yaliyopangwa, hupasuka ghafula.

Nane, mwili wako usipite chini ya gari hata kidogo. Kichwa, mkono, mguu, vyote vibaki nje. Usikae mbele ya mkono wa jeki.

Tisa, tia gurudumu, kaza nati kwa mkono kwa mshazari, shusha gari, ndipo ukaze kwa nguvu zako zote. Baada ya mwendo wa kilometa chache simama uzikaze tena. Nawe ukifika mjini, mwoneshe mwenye gari kila mahali ulipoona kutu.

7. Maswali ya kujijaribu

(1) Kwa nini tairi la akiba hukataa kuingia hata baada ya gurudumu bovu kutoka bila shida?

(2) Mkono wa jeki una sentimeta 60, na kutoka egemeo hadi pistoni ndogo ni sentimeta 5. Eneo la pistoni ndogo ni sentimeta 1 ya mraba, na la kubwa ni sentimeta 8 za mraba. Ukisukuma kwa nguvu ya kilo 15, jeki huinua kilo ngapi?

(3) Eleza kwa nini nafasi nyembamba kati ya mabamba mawili ni mbaya kuliko bamba moja lililo wazi.

(4) Dereva akuambia, "Hapa ndipo fundi alipotia chuma kipya, weka jeki hapa." Utamjibu nini kwa adabu?

Swali hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana si la hesabu. Sisi tumefundishwa kuwatii wakubwa, na ni vema. Lakini waweza kusema, "Mzee, niruhusu kwanza nipagonge nisikie." Maneno hayo hayamvunjii mtu heshima, nayo huchukua nusu dakika. Kaka yangu bado hutembea kwa miguu yake miwili kwa sababu mzee mmoja alisema neno kwa wakati wake. Siku nyingine huenda mzee hayupo, na wa kusema neno ni wewe.

Tahadhari kabla ya hatari. Nawatakia safari njema.